Waya wa Mshazari

Jumatatu, 3 Machi
Mama mkwe anakuja Ijumaa. Mke wangu anataka bafuni pawe na hita ya maji moto, na anataka aifunge kaka yake, fundi umeme. Yaani kila kinachowaka humu ndani kiitwe cha shemeji! Nimekataa katakata. Nitaifunga mwenyewe. Mke wangu akaguna. Nimeupokea mguno ule kama baraka.

Jumanne, 4 Machi
Shemeji kapita, eti kutusalimia. Kasema waya uwe ndani ya bomba, upande wima kutoka kwenye swichi, ukifika juu ulale sawa na dari, ili hata mgeni ajue ulipo. Na nipige picha kabla ya plasta. Nikaitikia kila neno. Alipotoka tu, nikaupitisha mshazari. Njia ya mkato! Bomba sikuweka. Bomba ni la watu wasioiamini plasta yao.

Alhamisi, 6 Machi
Vigae vimekaa. Hita inawaka. Nimeoga tena na tena, ingawa sikuwa na uchafu wowote.

Jumamosi, 8 Machi
Mama mkwe kaoga, karidhika. Kasema mbele ya wageni kwamba kumbe mwanawe kaolewa na fundi. Kichwa kikanivimba. Kisha akaomba kitu kidogo tu: kioo kwenye ukuta wa bafuni. Mke wangu akauliza waya umepita wapi. Picha sikupiga. Nikamwambia fundi haulizwi. Nikatoboa.

Paa! Cheche. Nyumba nzima ikazima, hadi friji na redio ya mama mkwe. Mimi mzima. Drili, marehemu.

Jumapili, 9 Machi
Mke wangu kampigia kaka yake simu, kwa furaha isiyo ya lazima. Shemeji kazima swichi kuu, kauliza waya unaelekea wapi. Nikaonyesha kwa kidole bila kusita. Kavunja vigae. Hamna. Nikaonyesha pengine. Hamna. Mpaka tunaupata, ukuta umebaki uchi.

Hakunicheka. Hilo ndilo lililoniuma. Kasema tu: "Shemeji, umeme hauna undugu. Angekuwa mama ndiye kaugusa waya huu, na mikono imelowa, leo tungekuwa tunaongea mengine."

Nimeona aibu, kweli. Chakula cha jioni nimesusa. Nimekula baadaye.

Jumatano, 12 Machi
Shemeji kamaliza. Bomba, waya ulionyooka, vigae vipya. Kazi safi, siwezi kubisha.

Jirani kaja kutazama. Kauliza nani kafanya kazi ya heshima namna hii. Shemeji alikuwa ameshaondoka. Mke wangu na mama yake walikuwa sokoni. Nikasema mimi.

Kaniomba nimfungie hita na yeye. Naanza kesho. Ukuta wake mpana, mshazari utatembea kwa raha zake.

Nimempigia shemeji aniazime drili. Kauliza ya nini. Nimemwambia nataka kutundika picha ya mama yake sebuleni. Sauti ikamlegea. Anaileta jioni.