Zinki ya Jiko Zima

Jumatatu, 5 Mei 2025, Msimbu
Bibi shamba Fadhila ameleta ngano. Ngano, Kisarawe! Aina mpya, vipande viwili vya shamba vya kujaribia: changu na cha jirani Kitwana. Atakayestawisha vizuri, kwake patakuwa shamba darasa, na wageni watakuja. Kitwana! Mtu aliyeshindwa na mchicha.

Fadhila anasema mchanga wetu hauna zinki ya kutosha. Mmea unaihitaji kidogo tu, lakini ukiikosa unadumaa. Ametupatia mbolea ya zinki, ujazo wa kiganja. Kiganja! Yangu nimempa Kitwana. Bati si limepakwa zinki? Nina jiko zima la mabati.

Kopo la marehemu Efrazia nimelishusha kabatini. Ngano ya kwao, Makete. Kila mwaka mke wangu alipanda mistari miwili nyuma ya bafu, asisahau kwao. Nimeipanda palepale, yote. Hiyo haimo kwenye mashindano.

Alhamisi, 8 Mei
Nimeezua jiko. Nimekata bati vipande na kuvifukia kwenye mistari. Kidole kimechanika. Kitwana ameegemea ua wake, akauliza, "Mzee Ponsiano, unapanda nyumba?"

Nina darasa la saba, sibishani na mtu aliyeishia la tano.

Jumamosi, 14 Juni
Ngano yangu ni ya njano. Ya Kitwana kijani. Bila shaka bati halijatosha. Nimeongeza la choo. Manyunyu yamezima moto, chai nimekunywa baridi.

Jumatano, 9 Julai
Fadhila amekuja. Shikamoo, marahaba. Alipong'oa shina langu moja, kipande cha bati kikaja nalo. Akaomba maji ya kunawa, akaenda nyuma ya bafu, akakawia huko.

Ngano ya Efrazia! Imefika kiunoni, kijani, na haikupewa chochote. Fadhila anasema ni aina ya zamani, mizizi yake inajua kujitafutia zinki kwenye udongo maskini. Watafiti wataitaka sana.

"Mzee, mbegu hii ikipotea hatuipati tena," akasema. "Shamba darasa liwe kwako. Ila hayo mabati ufukue yote."

Kitwana alikuwa hapo, amekunja mikono. Siku nzuri.

Jumamosi, 23 Agosti
Nimevuna. Kopo la Efrazia limejaa, jingine nimempa Fadhila. Nimetafuna punje moja mbichi, kama alivyokuwa akifanya marehemu kabla ya kusema imekauka au bado. Imekauka.

Wageni watakuja msimu ujao. Fadhila anaendelea na mizizi yake. Mizizi! Mtoto wa watu, kusoma kumemchosha. Ukuta wa bafu ni wa nini? Bati tupu! Ngano ilisimama karibu nalo ikapata zinki yake kwa upole. Kosa langu lilikuwa kufukia. Bati linataka kusimamishwa.

Nimeezua chumba cha kulala. Mabati sasa yamesimama kuzunguka shamba, yanang'aa hadi barabarani. Kitwana ameuliza nitalala wapi. Wivu huo.

Mawingu yanajikusanya upande wa Kibaha. Nimebakiza bati moja tu, juu ya upande wa kitanda wa Efrazia. Hakupenda kulowa.