Kijana wa Kwenye Wimbo Ni Mimi

Jumatatu, 11 Agosti

Leo nimekuwa mtu maarufu, nikiwa dukani nanoa visu vya mashine ya kukatia majani. Kwa sasa ninayejua ni mimi peke yangu.

Redio yetu ya hapa Tarkett imepiga wimbo wa kwanza wa Ruthann Plunk, tuliyesoma naye. Siku hizi anaitwa Magnolia Wren. Huko Nashville, mji wa wanamuziki, hawampi mtu jukwaa akiwa anaitwa Plunk. Miaka yote hii alikuwa akihudumia meza hotelini na kuandika nyimbo zisizosikilizwa na mtu, sasa wamemtolea mmoja, na redio yetu imepewa kabla ya wengine kwa kuwa yeye ni wa hapa. Unamhusu mvulana wa shule aliyempenda akampoteza. Mvulana ana pikapu nyekundu. Kwenye basi la shule "alinisogezea nafasi, kitini na moyoni". Jioni moja ya upepo akapanda naye mnara wa maji na kuandika majina yao wawili.

Niliweka kisu chini. Mvulana huyo ni mimi.

Ushahidi upo. Kwenye bendi ya shule mimi nilipiga tuba, lile tarumbeta nene kuliko mpigaji, yeye klarineti. Siku moja ndani ya basi aliniambia, Delbert, sogeza hilo dude lako nikae. Nikasogeza. Pikapu yangu ilikuwa ya kahawia, lakini jua likizama kahawia huelekea wekundu. Mnara, kusema kweli, sikupanda. Wenzangu wote wa darasa la mwisho walipanda kuandika majina ya wasichana wao, kama ilivyo desturi. Mimi nina kizunguzungu. Lakini nani asiyejua kwamba waimbaji huongeza chumvi?

Mwisho wa wimbo sikuusikia. Nyimbo mpya redio yetu huzipiga saa sita ikikaribia, na ikifika saa sita hukata chochote kile na kusoma matangazo ya misiba. Haidhuru. Mtu hahitaji kusimuliwa hadithi yake mwenyewe.

Nilimweleza mke wangu Nadine. Alikuwa barazani anamenya maharagwe. Akauliza, "Jioni ya upepo gani hiyo?" Nikasema mambo madogo madogo kama hayo siyakumbuki. Akasema haya, akaendelea kumenya.

Jumanne, 12 Agosti

Mambo yamepamba moto. Bi Opal Teague, mpiga kinanda wa kanisa na mwenyekiti wa Tamasha la Bamia, ametangaza kwamba Magnolia atakuja kutuimbia Jumamosi. Na kijana wa kwenye wimbo, akipatikana, ataketi kando yake kwenye gari la wazi, mbele kabisa ya maandamano.

Mbele kabisa. Mimi sijawahi kuwa mbele ya kitu chochote. Kwenye bendi tuba hutembea mwisho. Kwenye maandamano, kila mwaka naendesha mojawapo ya mashine zangu za majani nyuma ya farasi, na kila mtu anajua farasi wanaacha nini njiani. Naitaka sana nafasi hiyo ya mbele.

Halafu nani akajitokeza? Lonnie Stroud, muuza matairi. Anasema kijana ni yeye. Amekuja hadi mgahawani na picha yake ya ujana ameegemea pikapu nyekundu, anaipitisha meza kwa meza watu wakiwa wanakula. Nilimwambia kuegemea gari si kulimiliki.

Bi Opal akakata shauri kwamba ushahidi uko kwenye mnara. Tatizo ni kwamba Meya Buford Cagle, ambaye naye tulisoma naye, alipochaguliwa tu, kazi yake ya kwanza ilikuwa kuupaka mnara wote rangi nyeupe. Alidai yale majina yanaaibisha mji. Lonnie akacheka, akasema basi, ushahidi umezikwa. Nikamjibu, kwa sauti ya kusikika na wote, kwamba rangi ya bei rahisi hubanduka, na siku yoyote ukweli utachungulia.

Sikusema hivyo bure. Nilikuwa nimeshapata wazo.

Jumatano, 13 Agosti

Asubuhi nilikwenda kununua rangi ya kijani. Clyde mwenye duka akauliza ni ya nini. Nikasema ya kibanda cha mbwa.

"Delbert, wewe huna mbwa."

Nikasema natafuta. Akaingia nyuma ya duka akatoka na mbwa. Sasa nina mbwa. Masikio yake yanaburuta chini na anabweka kwa sauti nzito ya kutokea tumboni. Nadine amempa jina Tuba, na hakuuliza swali hata moja, jambo ambalo si kawaida yake.

Jumatano jioni mji mzima huwa kanisani, watu wanakula pamoja kisha wanaomba. Barabarani hapiti hata paka. Nilimwambia Nadine tumbo limenivuruga, yeye atangulie. Alipoondoka tu nikachukua kopo na brashi. Tuba akanifuata, akaketi chini ya mnara na kulia kana kwamba nimeshakufa.

Nilipanda nimefumba macho. Kupanda hakukuwa na shida. Shida ilikuwa kujua ngazi imeisha.

Nikaandika DELBERT, kisha alama ya kujumlisha, kisha nikasita. Ruthann au Magnolia? Nikafikiri kwa makini. Waandishi wa habari watatoka Nashville. Nani kule anamjua Ruthann? Nikaandika MAGNOLIA. Ni jina refu, na tangi ni la mviringo. Herufi za mwisho zimezunguka upande wa pili, zinaonekana kutoka kwenye duka la Lonnie peke yake. Hilo nalo ni jema.

Nadine alirudi na sahani ya kuku iliyofunikwa. Akanitazama nywele. Akasema kumbe safari hii tumbo langu limeharisha kijani.

Alhamisi, 14 Agosti

Ushindi!

Asubuhi watu walijaa chini ya mnara. Bi Opal alikuwa analia, anasema jina limepenya rangi lenyewe, na kama huo si muujiza yeye hajui muujiza ni nini. Niliinamisha kichwa kwa unyenyekevu. Nilikuwa nimevaa kofia, sababu ya nywele.

Hapo Lonnie akafungua mdomo. Aliuliza huyo Magnolia ni nani. Alisema msichana tuliyesoma naye alikuwa Ruthann, hilo jina la Magnolia amelipata juzi tu huko Nashville. "Sasa nieleze, bwana Delbert. Hilo jina limetoka wapi?"

Watu wote wakanigeukia. Hata Tuba.

Nikasema hilo jina nilimpa mimi. Nilimpa kule juu, jioni ile ya upepo, na amelibeba moyoni mpaka leo. Sijui maneno hayo yalitoka wapi. Yalitoka tu. Bi Opal akatoa leso yake ya pili. Lonnie akavaa kofia akaenda zake, na mbele ya wote nikatangazwa kijana wa kwenye wimbo.

Jioni nilimsimulia Nadine yote, pamoja na habari ya rangi, maana mke hafichwi. Hakukasirika.

"Kwa hiyo ulipanda," akasema.

Nikasema nilipanda.

"Wewe. Mwenye kizunguzungu."

Nikasema mtu akitaka kitu kwa moyo wote kizunguzungu si hoja. Akasimama, akatoa vyombo safi kabatini, akaviosha upya. Tamasha linawachosha wanawake, wana mapishi mengi.

Ijumaa, 15 Agosti

Nimefanya mazoezi ya kupunga mkono mbele ya kioo. Nimechagua mpungo wa polepole, wa mtu mwenye majonzi ya zamani.

Lonnie alipita dukani. Alisema mpwa wake anafanya kazi redioni, anaweza kutupigia wimbo mzima mpaka mwisho, tuusikie pamoja. Nikamwambia aache wivu.

Nadine amenipigia pasi shati jeupe. Alilipiga muda mrefu sana, mahali pamoja.

Jumamosi, 16 Agosti

Naandika nikiwa peke yangu nyumbani. Nianzie mwanzo.

Nilipanda gari la wazi. Meya Buford ndiye aliyekuwa dereva. Magnolia akaja na gitaa na buti nyeupe, akanipa mkono, akaniuliza kama mimi ndiye fundi wa vipaza sauti. Bi Opal akamwambia kwa furaha kwamba huyu ndiye yule kijana. Magnolia akanikodolea macho muda mrefu.

"Wa tuba?" akauliza.

Nikasema ndiye. Akaangua kicheko, kisha njia nzima akawa anatazama kisogo cha Buford, na masikio ya Buford yalikuwa mekundu sana. Nilimwonea huruma kwa lile jua. Mimi nilipunga mkono. Watu walinipungia. Farasi walikuwa nyuma yangu, nyuma kabisa. Sijawahi kuwa na furaha kama ile tangu nizaliwe.

Jukwaani nikapewa kiti cha mbele. Magnolia akaimba. Ubeti wa basi, watu wakanitazama kwa upendo. Ubeti wa mnara, Bi Opal akanishika bega. Halafu likaja lile ambalo redio yetu hulikata kwa ajili ya misiba.

"King'ora cha kimbunga kikalia, akashuka mbio,
akawasha pikapu, akaniacha juu ya tangi
nikipigwa mvua ya mawe.
Mpenzi wangu, hata ngazi hukunishikia."

Mbele ya watu wote niliona baridi, na ilikuwa Agosti.

Bamia ya kwanza ya kukaanga ilinipiga shavuni. Aliyeirusha alikuwa bibi wa kanisani ambaye nimemtengenezea mashine yake bure. Zikafuata nyingine. Lonnie akasimama, akasema amekumbuka sasa kwamba ile pikapu nyekundu ilikuwa ya binamu yake. Buford alikuwa ameshatoweka. Nadhani ana kazi nyingi, maskini.

Nikakamata kipaza sauti. Nikaungama kila kitu. Nikasema si mimi, mnara sikuwahi kuupanda mpaka Jumatano hii, jina nililiandika mwenyewe, kopo la rangi liko nyumbani. Hakuna aliyeniamini. Bi Opal alisema, "Muujiza hausemi uongo, Delbert. Kaa chini uone aibu."

Hapo Nadine akapanda jukwaani. Akanichukulia kipaza sauti taratibu, kama mtu anavyomnyang'anya mtoto kisu.

"Si yeye," akasema. "Jioni ya kile kimbunga alikuwa na mimi. Tulikaa kwenye handaki la nyumbani kwa baba, tumeshikana mikono, na tuba lake tumeliweka mlangoni lizuie maji. Akaniambia upepo ukitulia tu, atapanda mnara aandike jina langu." Akanitazama. "Upepo umetulia siku nyingi, Delbert."

Hakuna aliyerusha bamia tena. Ingekuwa nafuu wangerusha.

Nilikumbuka yote pale pale. Harufu ya viazi mle handakini. Mkono wake ulivyoushika wangu. Wiki nzima nimetafuta mapenzi ya ujana wangu ndani ya wimbo wa mtu mwingine, nayo yalikuwa barazani yanamenya maharagwe. Ninaona haya kuandika hivi, lakini ndivyo ilivyo, na inauma.

Amekwenda kwa dada yake Earlene. Amemchukua na mbwa.

Jumapili, 17 Agosti

Watu walipoingia kanisani nikaenda mnarani. Safari hii nilipanda macho wazi, maana nilitaka liwe zuri. Nilitapika mara moja, kwa upande wa Lonnie. Nikamfuta Magnolia kwa rangi nyeupe iliyobaki gereji, nikaandika NADINE. Ni jina la kiasi. Limeenea lote mbele, linaonekana mpaka barabara kuu.

Niliposhuka, gari lake lilikuwa chini ya mnara. Sijui alikuwa amekaa pale tangu lini. Alisema amerudi kuchukua sahani yake ya keki tu. Akainua macho akasoma. Akasoma tena.

"Herufi ya mwisho imepinda," akasema.

Nikasema ni upepo. Hapakuwa na upepo hata chembe. Akaangalia pembeni, akajipangusa jicho kwa mkono wa gauni. Kisha akamsukuma Tuba nyuma, akaisogeza ile sahani kitini ili nikae.

Tulikula mkate wa mahindi na yale maharagwe. Akaniomba jambo moja tu, nisifanye chochote kingine kuhusu habari hii, nikae nitulie. Nikamwahidi kwa moyo mweupe.

Baadaye kidogo Bi Opal alipiga simu, anahema, anauliza jina la Nadine limefikaje mnarani. Ningefanyaje? Nikamwambia na mimi nimeshangaa, limechungulia lenyewe. Muujiza wa pili ndani ya wiki moja. Ameshawaita waandishi wa habari.

Na kwa kuwa Nadine alikuwa bado anaosha vyombo, nikaacha ujumbe kwa watu wa Magnolia huko Nashville. Nimewaeleza kwamba nina wimbo wake wa pili, wa kweli kabisa, una kimbunga, handaki, na mwanamume jasiri aliyepanda mnara kwa ajili ya mke wake. Sidai kitu. Nimeomba tu gari la wazi lirudi mwakani, tukae wawili mbele, na Lonnie awe nyuma ya farasi.

Na kwenye wimbo, pikapu iwe nyekundu.