Mita Tatu za Kitanda cha Suhaila

Jumatatu, 8 Septemba

Suhaila wangu anaolewa wiki ijayo, anahamia Pemba kwa mumewe, Haidar. Kitanda cha bibi arusi natoa mimi mamake. Mtiki mtupu! Jirani yangu Tausi alimpa mwanawe cha chuma, kikawa kinalia usiku hadi Makorora nzima ikajua mambo ya watu.

Fundi Luqmani kasema niagize mbao futi tisa za ujazo. Mwenye mashine ya mbao kule Muheza anauza kwa mita za ujazo. Kaniuliza kwenye simu kama nitaweza kugeuza. Mimi! Miaka yote hii nauza vitambaa, mita naijua kwa mkono, macho nimefumba. Mita moja, futi tatu na chenga. Futi tisa basi mita tatu.

Suhaila akadakia kwamba ni robo mita tu. Robo mita haitoi hata mkono wa blauzi! Maskini mwanangu, ananionea huruma nisijikamue. Nimemrudisha ndani akasingwe mwili kwa liwa. Nimeagiza tatu.

Alhamisi, 11 Septemba

Limekuja Fuso. Mbao zimeziba uchochoro, zimeziba mlango wa Tausi, kuku wake mmoja hajulikani alipo. Nikamwambia dereva, Fanueli, kakosea nyumba. Kasema nyumba ndiyo hii, mita tatu ndizo hizi, na kurudi nazo hataki.

Hela ya godoro, hela ya pilau, yote imegeuka mbao. Nikaingia chumbani nikalia. Mwanangu atavuka maji mikono mitupu, na sababu ni mimi.

Tausi akachungulia dirishani. "Shoga, unaoza mtoto au unaunda jahazi?"

Akaenda kumwita mumewe, anayemalizia nyumba Tongoni. Wakachukua zaidi ya nusu, za milango na madirisha, wakalipa hapo hapo. Nimewakubalia ili niwasaidie.

Jumamosi, 13 Septemba

Leo Suhaila kasimamisha vijiti uani, kavizungushia kamba. Mita moja kwenda mbele, mita moja upana, mita moja kwenda juu. Akaniambia niingie. Nikainama, nikaingia, nikachutama. Nafasi ikabaki! Akaingia na yeye. Tukabanana humo kama kuku kwenye tenga, tunacheka.

"Hii ndiyo mita moja ya ujazo, mama. Futi za ujazo thelathini na tano zinaingia humu. Wewe ulitaka tisa."

Nikasema nimeelewa. Ukweli sikuwa nasikiliza. Alikuwa ananukia liwa shingoni, na kichwa kaniwekea begani kama alipokuwa na surua. Akaniuliza kama nimeelewa kweli. Nikamwambia arudie, tusitoke upesi.

Jumapili, 21 Septemba

Harusi imekwisha. Kitanda kizuri hakina mfano! Tausi mwenyewe alikitikisa kwa nguvu zake zote, hakikutoa hata mlio. Kimefunguliwa vipande, kimepanda boti pamoja na mwenyewe. Nimepunga leso mpaka boti ikawa kitone.

Nyumba kubwa hii. Sikuwahi kujua.

Zile mbao zilizobaki kila mtu anazitaka. Siziuzi. Huwezi jua mtoto atapungukiwa nini huko.

Jumanne, 30 Septemba

Haidar kapiga simu. Shikamoo yake tamu, mkwe wangu. Kasema jikoni kwao wanahitaji mbao za rafu, mita za mraba mbili. Maskini alitaka kuanza kunieleza! Nikamkata: futi sita, baba, mambo hayo nimeshayapitia, hapa Tanga mimi ndiye wanayemuuliza. Nikasikia watu wananong'ona, kisha Suhaila akashika simu.

"Mama, usikate kitu. Njoo tupime huku huku."

Nimeshamwambia Fundi Luqmani akate futi sita, isizidi hata chembe. Tupime nini tena?

Boti ya Alhamisi nimepata nafasi.