Nanga Juu ya Mnyororo wa Cevdet

Jumanne, 3 Juni
Mke wangu Müzeyyen kanuna. Hajalala tangu tuingie ghuba hii. Mashua inayumba usiku kucha na mgongo unamuuma. Kasema Ijumaa akiamka hivi hivi, anapanda basi kwenda Ankara kwa dada yake, na mashua iuzwe. Iuzwe! Nimefundisha jiografia maisha yangu yote nikiota tanga hili. Dawa ni moja: nafasi ya mwishoni kabisa kwenye gati la mgahawa wa Hasibe, ghuba inayofuata. Maji ya pale hayatikisiki. Lakini jirani yetu Cevdet, mstaafu wa forodha, naye anakwenda huko kesho, na nafasi ni ya atakayewahi.

Hapa kila mashua imefungwa gatini kwa nyuma, na mbele imeshusha nanga kwa mnyororo. Jioni nikasingizia nanga yangu haijashika, nikaishusha upya, juu ya mnyororo wa Cevdet. Nisipoiondoa, haendi popote. Akili ni mali.

Jumatano, 4 Juni
Nimeamka kabla yake. Navuta nanga, haiji. Kumbe jana magharibi mashua nyingine ilitupa mnyororo juu ya wangu, na wenyewe wamekwenda sokoni. Müzeyyen akauliza ni nani aliyeshusha nanga ovyo namna hii. Nikasema ni mkondo wa maji.

Cevdet akatoka na chai yake, akachungulia majini. "Kaka Nejdet, wewe umenilalia mimi, na wewe umelaliwa. Tunywe chai kwanza." Kisha akazama mwenyewe na kamba, akatufungua wote. Müzeyyen akampa pilipili hoho zilizojazwa wali, akamsimulia na habari za mgongo wake. Pilipili zenyewe zilikuwa chakula changu cha mchana. Ile nang'oa nanga, injini ikazima. Cevdet akapita, akanipungia mkono. Nikaona mashua yangu imeshauzwa.

Alhamisi, 5 Juni
Injini imekubali. Adhuhuri tukafika kwa Hasibe. Cevdet keshaegesha, lakini upande wa mawimbi! Kaiacha ile nafasi ya mwishoni tupu, na mwenyewe kasimama gatini apokee kamba zetu. "Hiyo ni ya shemeji. Mgongo wa mtu hauchezewi." Machozi yalinilenga, sifichi.

Ijumaa, 6 Juni
Müzeyyen kalala mpaka saa tatu. Kaamka anaimba. Ankara haitajwi tena. Tunakaa majini hadi vuli. Kwa furaha nimeosha vyombo bila kuambiwa. Kasema sasa nikamwombe Cevdet radhi kwa ule mkondo wa maji. Nikasema nitakwenda.

Nikaenda. Kabla sijafungua mdomo, akanieleza kwamba ghuba ya tatu ina nafasi tulivu kuliko hii, ya mashua moja tu. Anakwenda huko kesho. Kasema atatushikia. Atatushikia! Mtu wa forodha! Bahati nzuri mimi si mzembe. Jana, alipokuwa amenyoosha mikono kupokea kamba zetu, nanga yangu nilikuwa nimeshaiangusha juu ya mnyororo wake.