Siku Mama Upawa Alipouteka Ulimi Wake

Kaeni vizuri, enyi wapakuaji na wapakuliwa, mlioshika sahani na mlio bado kwenye foleni! Nawasimulia vita ambavyo upanga haukuchomolewa wala damu haikumwagika, ila jasho lilitiririka hadi likalowesha kizimba cha mahakama. Nimwombe kwanza Mola, aliyeumba ulimi usio na mfupa, kisha kwa rehema zake akauzungushia boma la meno na lango la midomo, anijalie maneno machache. Maana shujaa wangu alishinda kwa kutotumia hata moja.

Basi palikuwa na mpishi wa shule, mtiisha masufuria, mshinda moshi, mlisha mia nne, ambaye wakubwa kwa wadogo walimwita Mama Upawa. Katika miaka yake hamsini na miwili hakuwahi kuacha neno lipite bila kulijibu. Ukimsalimia, alijibu. Ukimtukana, alijibu mara mbili. Redio ikitangaza mvua, alibishana nayo.

Mama huyu alishtakiwa kwa wizi wa mwiko. Mlalamikaji alikuwa wifi yake, mke wa kaka yake, aliyedai kwamba Mama Upawa alimtembelea asubuhi moja, wakanuniana, akaondoka, na mwiko nao ukaondoka. Msicheke. Mkuu wa shule alikwisha kumsimamisha kazi, akaapa kuwa mtu aliyetiwa hatiani kwa wizi hatazishika tena funguo za stoo ya chakula. Kwa hiyo kwenye mizani ya sheria haukuwekwa mwiko peke yake. Liliwekwa jiko zima, pamoja na mwanamke asiyejua kuamka kwa sababu nyingine.

Ilipofika siku ya mashahidi, wakili wake, mwanamke mfupi wa miwani mikubwa, alimshika mkono mlangoni, akanena kama amiri anayepanga majeshi:

"Shangazi, nisikilize. Mashahidi wao wakimaliza, hakimu ataamua kama una kesi ya kujibu au huna."

"Kujibu? Hapo usinifundishe. Nimejiandaa tangu Jumatatu."

"Ndiyo hatari yenyewe! Ushahidi wao ukiwa hautoshi, huna kesi ya kujibu, unakwenda zako nyumbani. Lakini ukipayuka, kila pengo lao utakuwa umewazibia wewe mwenyewe."

"Wakinisingizia je?"

"Nyamaza."

"Wakinitukana?"

"Nyamaza, shangazi."

"Wakitukana mapishi yangu?"

Wakili akavua miwani, akaifuta taratibu. "Hapo," akasema, "mwombe Mungu."

Tarumbeta hazikulia, karani alikohoa tu, na vita vikaanza. Wifi akapanda kutoa ushahidi, kifua mbele, kitu kirefu kimefungwa kwenye gazeti kwapani.

"Mwiko wako ulikuwaje?" mwendesha mashtaka akamuuliza.

"Mrefu. Una mpini, halafu una kichwa."

Hakimu, mzee wa kope nzito, akainua jicho moja. "Upo mwiko usio na kichwa?"

"Mheshimiwa, dunia ina mengi."

Wifi akafungua gazeti, akauinua mwiko juu kama anayeinua bendera ya nchi. Ukumbi ukaguna. Hakimu akainua na jicho la pili.

"Huu ndio ulioibiwa?"

"Hapana, mheshimiwa. Huu nimeuazima kwa jirani, ili mahakama ione mwiko unafananaje."

Akafuata shahidi wa pili, fundi baiskeli, ambaye siku mwiko ulipopotea alimwona Mama Upawa akipita na kitu kimeviringishwa kwenye kitambaa. Wakili akamkabili.

"Kitu gani?"

"Kirefu."

"Chaweza kuwa mwavuli?"

"Chaweza."

"Bomba la maji?"

"Yule mama ana nguvu, mimi sishangai."

Sasa jueni, wasikilizaji wangu, siri iliyokuwa ikichemka kizimbani. Alichobeba Mama Upawa kilikuwa mwiko kweli, lakini mwiko wa shule, uliopasuka, akiupeleka kwa seremala. Jibu lilikuwa tayari, limeiva, limesimama nyuma ya meno: "Ni mwiko wa shule, wewe kipofu!" Na kama lingetoka, waendesha mashtaka wangepata bure kile walichokikosa: mshtakiwa anayekiri kwa kinywa chake kwamba siku hiyo alitembea na mwiko. Mashavu yakamvimba. Shingo ikatoka mishipa. Akafumba macho, akaomba moyoni: Ee Mola, shika lango, mimi mikono imechoka.

Ndipo wifi, kutoka kwenye benchi, akarusha mkuki wa mwisho.

"Mwulizeni basi kwa nini maharage yake yana kokoto!"

Ukumbi mzima ukamgeukia Mama Upawa. Karani akasahau kukohoa. Wakili akashika kichwa. Chozi moja, kubwa kama punje ya hindi, likamtoka shujaa wetu, likashuka hadi kwenye midomo, likaikuta imefungwa.

Mwendesha mashtaka akainuka kuhitimisha. "Mheshimiwa, kuiba ni mwiko, na kilichoibwa ni mwiko. Hapa imevunjwa miiko miwili!"

"Nionyeshe mmoja," akasema hakimu, akaanza kuandika. Aliandika kwa muda mrefu, kisha akasoma: "Mbele yangu kuna mwiko usiojulikana alama, ambao hakuna aliyeona ukichukuliwa, na kitambaa ambacho ndani yake huenda mlikuwa na bomba. Ushahidi huu hautoshi kumtaka mshtakiwa ajitetee. Hana kesi ya kujibu. Namwachia huru. Mama, umeelewa?"

Kimya.

"Mama, nimekuuliza."

Mama Upawa akamtazama wakili wake. Wakili akatikisa kichwa kumkubalia. "Sema sasa, shangazi. Umeruhusiwa."

Midomo ikafunguka. Wifi akajiziba masikio. Fundi baiskeli akainama nyuma ya benchi. Karani akavuta karatasi mpya, na nyingine ya akiba, kuipokea gharika ya saa mbili nzima.

"Asante," akasema Mama Upawa.

Karani akangoja. Hakikuja kingine. Akaliandika, na mpaka leo katika jalada lile, utetezi wote wa Mama Upawa ni neno moja, tena limesemwa baada ya kesi kwisha.

Wifi alimkimbilia hadi kwenye ngazi za nje, uso umembadilika. "Wifi! Wifi, simama! Unaumwa?"

Hakujibiwa. Wako walioteka miji kwa mizinga, wakaitwa majabali. Huyu aliuteka ulimi wake mwenyewe, ngome isiyowahi kuanguka, na asubuhi iliyofuata funguo za stoo zilining'inia kiunoni mwake, zikilia kwa kila hatua, naye akiziacha ziseme.