Simu Nyuma ya Mlingoti

Jumatatu, 4 Machi
Mama amenichoka. Ameacha cherehani katikati ya mshono, akasema shingo yangu imepinda kama ndoano na macho ni ya mtu aliyemenya vitunguu kutwa. Sharti: nicheze kitu baada ya masomo, la sivyo simu inaingia kwenye droo ya nyuzi. Nimekubali haraka mno. Akanitilia shaka.

Jumanne, 5 Machi
Nimechunguza vikundi vyote vya shule. Kuogelea: maji. Kwaya: mwalimu anakukodolea macho. Maigizo: yuko binamu yangu, mwenye wafuasi wengi mtandaoni kuliko mimi, na majivuno kuliko wafuasi. Limebaki soka. Timu yetu ni kali, mpira hukaa upande wa wapinzani. Kipa husimama tu! Nimejitolea kudaka.

Jumatano, 6 Machi
Mazoezi. Simu nimeiegemeza nyuma ya mlingoti wa goli, ndani ya glavu ya akiba. Mambo safi! Beki wetu, Kabati, aliuliza mbona nainamainama. Nikamwambia nanyoosha mgongo. Akawatangazia wenzake kwamba safari hii tumepata kipa makini.

Ijumaa, 8 Machi
Mechi. Kipindi cha kwanza shwari. Nilijibu ujumbe wote. Cha pili, nikainama kuona picha mpya ya binamu imependwa na wangapi. Wengi. Nikamsikia Kabati akipiga kelele: we kipa, we kipa, kipa wewe! Mpira ukapita kando yangu taratibu, kama mgeni anayejua njia ya jikoni.

Tumefungwa.

Jumamosi, 9 Machi
Binamu alirekodi. Shule nzima imeuona mgongo wangu. Shangazi akamtumia mama, akaongeza na pole. Mama hakufoka. Alifungua droo, akaitia simu, akafunga, ufunguo akauvaa shingoni pamoja na futi ya kupimia nguo. Nitaipata simu siku mwalimu wa michezo atakapomwambia kwamba nimecheza mechi nzima nikiutazama mpira.

Kinachouma: sifa zote za video kachukua binamu. Mgongo ni wangu!

Jumanne, 12 Machi
Bila simu. Nalala kama gogo, naamka na njaa. Nimegundua Kabati ana pacha, tena hukaa dawati la nyuma yangu. Hali inatisha.

Ijumaa, 15 Machi
Mechi. Dakika za mwisho Kabati akamwangusha mtu kwenye boksi. Penalti! Sikuwa na pengine pa kutazama, nikautazama mpira. Nikaurukia. Nikaudaka! Wakanibeba juujuu. Kabati alilia, pacha wake akamcheka huku naye analia. Mwalimu akaenda mwenyewe kwa mama. Mama akavua ufunguo, akasema mwanangu, hata shingo imenyooka.

Binamu hakuwepo uwanjani. Hakuna aliyerekodi. Hasara tupu!

Nimeshazungumza na Kabati. Mechi ijayo, mapema, jua likiwa bado zuri, amwangushe mwingine. Simu itakuwa pale pale nyuma ya mlingoti. Nitainama kidogo tu kuwasha kamera.