Kitufe cha Ghairi na Kura ya Mshereheshaji

Jumatatu, 3 Machi
Siku tukufu! Mama Benta, mwenyekiti wa ploti yetu hapa Umoja, ameamua kwamba mshereheshaji wa karamu ya wapangaji, Jumapili katika ukumbi wa Mowlem, achaguliwe kwa simu. Fungua ukurasa, gusa jina, bonyeza. Wagombea ni wawili: mimi, Mutie, mtetezi wa Kiswahili sanifu, na Kweyu wa chumba cha chini, ambaye husalimu kwa "niaje" na watu wakaangua kicheko kabla mzaha haujafika. Na nani ataujenga ukurasa? Mimi! Nilisomea kompyuta jioni. Baba mkwe wangu, Mzee Kyule, anayeishi ghorofa ya pili, hajawahi kuniona nimeshika maikrofoni. Humuuliza mke wangu mimi hufanya kazi gani hasa. Jumapili ataona. Lazima aone.

Jumanne, 4 Machi
Nimeonja nguvu ya msimbo: maagizo mafupi yanayosafiri na ukurasa hadi ndani ya simu ya mpiga kura, yakavitawala vitufe hukohuko. Nikaamuru jina la Kweyu lififie, lisigusike. Likafifia! Nikasimama, nikajipigia makofi. Kisha mke wangu Kathini akachungulia, akauliza, "Baba Mutheu, mbona Kweyu amepauka kama shati la mtumba? Si hata mtoto ataona?" Nimemrudishia rangi. Kwa uchungu.

Jumatano, 5 Machi
Hila bora zaidi. Ukigusa jina la Kweyu, kitufe cha "Wasilisha" kinakimbia. Kidole kikienda kulia, chenyewe kushoto. Nikautuma ukurasa kwenye kundi la ploti. Maafa! Hakuna aliyekasirika. Wameshinda ngazini wakikifukuza kitufe, wakishindana, wakipiga mayowe. Binamu zao wa mtaa wa Huruma wameomba kiungo. Jina la Kweyu limeguswa siku nzima kama swichi ya taa. Mwenyewe akanisimamisha langoni: "Niaje, Kamusi! Hiyo gemu yako ni moto, buda. Inaitwaje?" Nikamjibu kwamba inaitwa hitilafu. Mama Benta ameagiza tuanze upya, na kila kitufe kikae kilipowekwa.

Alhamisi, 6 Machi
Utulivu. Hekima. Sasa ukurasa unafunguka jina langu likiwa limekwisha kutiwa alama. Mvivu hahitaji kuchagua. Abonyeze "Wasilisha" tu. Ukihamia kwa Kweyu, kitufe cha pili, "Ghairi", kinavimba na kung'aa kijani, nacho "Wasilisha" kinanywea hadi kuwa punje ya mchele. Anayebonyeza Ghairi, kura yake inafutika kimya kimya. Mama Benta alijaribu kwa jina langu, akaona hakuna kinachokimbia, akaidhinisha. Wazee wote ni wangu. Wameniahidi kwa vinywa vyao. Suti imepigwa pasi.

Ijumaa, 7 Machi
Nimeshindwa! Vijana waliitanua skrini kwa vidole viwili, wakaipata punje ya mchele, wakamchagua Kweyu. Hilo ningelimeza. Lakini wazee wangu? Hakuna kura hata moja! Wote walibonyeza Ghairi. Wote! Nikapanda hadi kwa baba mkwe, nikamsihi anieleze. Nilimkuta akiipiga kofia yake brashi. Akaniuliza kwa upole, "Mkwe wangu, hilo gari lenyewe litatuchukua saa ngapi?" Gari gani, mzee? "Si hilo uliloandika pale. Ghairi. Tulijua ni gari, kwa kile Kiswahili chako cha juu. Mowlem si karibu, na miguu yetu unaijua. Mimi nimelibonyeza tena na tena, nipate kiti cha mbele."
Nikaichukua brashi, nikaimalizia kofia yake. Mimi!

Jumapili, 9 Machi
Tulikwenda Mowlem kwa miguu, baba mkwe ameegemea bega langu, wazee wengine nyuma, kila mmoja akiuliza gari limekwama wapi. Kweyu akashika maikrofoni. Akafungua: "Niaje, abiria wa Mutie!" Ukumbi ukalipuka. Baba mkwe alicheka hadi akavua miwani. Kisha akamwambia Kathini kwamba hatimaye ameijua kazi yangu: mimi ni dereva, ila sina gari.

Jumatatu, 10 Machi
Nimetafakari kwa kina. Msimbo hauna kosa. Hila haina kosa. Mwandishi wake, ndugu zangu wa kurasa hizi, hana kosa hata chembe. Kosa ni la neno! Na bahati imerudi: Mama Benta ameniomba, kwa kukosa mwingine, ukurasa wa kumchagua mshika funguo wa tangi la maji. Nagombea. Jina langu limekwisha kutiwa alama. Punje ya mchele iko palepale. Nimeondoa "Ghairi" tu, nikaandika "Tangua": neno safi, imara, lisiloweza kufanana na jingine katika lugha yetu. Kathini amelisoma mara mbili, akauliza kama hicho ndicho kitufe cha wanaotaka kutangulia kwenye foleni ya maji. Nimemwomba asilete mzaha. Wazee wameniahidi tena. Baba mkwe amekwisha kubonyeza, na amenitumia salamu kwamba ndoo zake ziko tayari.